Kwa Nini Mtoto wa Moro Anaiogopa Dar? Historia ya Uoga Ambao Haukuanza na Wewe

Moro inajiita mji kasoro bahari. Maana yake kila kitu tunacho, milima, mito, vyuo, matunda, kilichokosekana ni bahari tu, na ukiitaka bahari lazima ushuke Dar. Hapo kwenye kushuka ndipo pana shughuli.

Kuna vijana wamezaliwa Mji Mpya, wamekulia Kihonda, wana miaka 22, wanaijua Dar kuliko wakazi wake maana wanaiona kila siku kwenye simu. Wanajua Mlimani City kuna maduka gani, wanajua mihogo ya Coco Beach inaliwa na pilipili ya aina gani. Lakini mwambie mmoja wao, "Kesho nenda peke yako, una usaili Posta saa nne asubuhi," halafu uone. Usiku mzima tumbo linamchafuka. Nauli anayo, simu imejaa chaji, ramani ipo mkononi. Ukimuuliza anaogopa nini, anatafuta jibu halioni. Atasema wezi. Atasema foleni. Ukimbana kidogo ndiyo linatoka lenyewe: anaogopa ataonekana mshamba.

Sasa bwana, hilo neno "mshamba" ndilo lililonileta hapa. Tumezoeshwa kuamini kwamba kuogopa mji mkubwa ni udhaifu wa mtu binafsi, kwamba mjanja haogopi na anayeogopa hajachangamka. Ukifuatilia safari za watu wa Uluguru kwenda pwani, unakuta habari nyingine kabisa. Uoga ule ulikuwa na sababu zake, na kuna miaka sababu yenyewe ilikuwa imeandikwa kwenye vitabu vya sheria.

Zamani mji wa kuogopwa ulikuwa huku

Kwanza tuweke rekodi sawa. Katikati ya karne ya 19, chini ya milima hii hii, karibu na mto Ngerengere, kulikuwa na mji wenye ngome. Aliyeuanzisha ni Kisabengo, mtu wa asili ya Kizigua, na jina lake liliwatoa watu jasho njia nzima ya kwenda bara. Misafara ikipita inalipa hongo. Henry Morton Stanley alipofika hapo mwaka 1871 akimtafuta Livingstone, Kisabengo alishafariki na mji ulikuwa mikononi mwa binti yake, Simbamwene. Stanley na bunduki zake zote akaanza kubishana na mama kuhusu hongo. Baadaye akawarudisha watu wake wachache kumtafuta mpishi aliyepotea, mama akawakamata na kuwatia minyororo. Mpaka mfanyabiashara mmoja wa Kiarabu aingilie kati ndipo wakaachiwa.

Kwa hiyo mwaka ule, aliyekuwa anafika mji mkubwa huku moyo unamdunda alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, na mji wenyewe ni Moro. Ningelipa kiingilio kuiona hiyo filamu.

Ila usidhani Waluguru wa mlimani walikuwa wanashuka wakijidai. Kisabengo alijenga nguvu zake kwa kuvamia majirani. Upande wa kusini wa milima, njia ya misafara iliyopita Zungomero ilikuwa hatari zaidi. Burton na Speke walipita huko mwaka 1857, na Burton aliandika jinsi nchi ile ilivyoharibiwa na wawinda watumwa. Mlimani kulikuwa na baridi, miteremko ya kuvunja magoti na mashamba madogo, lakini kulikuwa na usalama. "Usishuke bondeni peke yako" haikuwa kauli ya mama mwenye wasiwasi. Aliyeipuuza angeweza kuishia sokoni, na si kama muuzaji.

Treni ya kwanza, na jina la Kariakoo

Wajerumani walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Fikiria hilo badiliko. Kwa mwendo wa msafara, kilomita 15 hadi 20 kwa siku, kutoka milimani hadi pwani ni siku kumi au zaidi za kutembea, kulala porini na kuomba maji vijijini. Ghafla kuna chuma kinachofanya safari hiyo ndani ya siku moja.

Wengi wanadhani reli ilipunguza uoga. Mimi naona iliuhamisha tu. Anayetembea siku kumi anafika akiwa amezoea: amebadilisha salamu njiani, amesikia Kizaramo, amejua chumvi inauzwaje. Anayeshuka kwenye treni anatupwa katikati ya mji na ukungu wa mlimani bado uko kichwani. Ule mshtuko wa kushuka stendi usijue kushoto wala kulia ulianza hapo.

Halafu ikaja Vita ya Kwanza. Agosti 1916 Waingereza wakaiteka Morogoro, Wajerumani wakarudi nyuma kupitia milima ya Uluguru kuelekea Kisaki, na pande zote mbili zilikamata wanaume wa kubeba mizigo. Katika vita ile ya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na magonjwa, si kwa risasi. Dar es Salaam kikosi cha wapagazi cha Waingereza, Carrier Corps, kiliwekwa kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Midomo yetu ikaligeuza jina likawa Kariakoo.

Yaani unapoambiwa "shuka Kariakoo, kuwa makini," jina lenyewe ni kumbukumbu ya watu waliobebeshwa mizigo bila kuulizwa.

Mgeni kwa mujibu wa sheria

Hapa ndipo penye kiini cha habari, na ndipo tusipopasimulia.

Mwaka 1924 Waingereza waliigawa Dar kwa kanda: Uzunguni kwake, Uhindini kwake, na Waafrika kwao, Kariakoo na jirani zake, huku uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kama mpaka. Mwafrika alihitajika mjini kama mikono ya kazi. Kazi ikiisha, arudi kwao. Ndivyo wakubwa walivyoufikiria mji, na kijana wa kutoka Matombo alilihisi hilo bila kusomewa.

Alilihisi zaidi alfajiri. Maana kulikuwa na misako ya kodi. Huna stakabadhi ya kodi ya kichwa, unaondoka na askari kabla ya chai. Mwaka 1944 ikatungwa sheria ambayo jina lake peke yake linatosha kukuharibia siku: ilikuwa sheria ya kuwaondoa mijini "wenyeji wasiotakiwa". Asiye na kazi inayoeleweka aliweza kukusanywa na kurudishwa wilayani kwake. Na mjini kulikuwa na neno tayari la kumwita, mhuni, ambalo zamani lilikuwa na maana ya mtu anayezurura asiye na makao.

Sasa weka picha hiyo pamoja. Umetoka mlimani, nguo zako zinaonyesha, lafudhi yako inaonyesha, unatazama majengo. Mtu mmoja anaweza kukutambua kwa sekunde tano kwamba hujakaa mjini, na kutambuliwa huko kunaweza kukurudisha kwenu kwa nguvu. Kwa hiyo kujifunza kutembea haraka, kutoshangaa, kujifanya unajua unakokwenda, yote hayo yalikuwa kinga dhidi ya kukamatwa. Leo tunaita "kuwa mjanja". Nadhani ile aibu ya kuonekana mshamba, kwa sehemu kubwa, ni mabaki ya hofu ile. Miaka ilipita, mwili ukabaki na mazoea.

Na msidhani iliishia kwa Mwingereza. Serikali huru nayo iliendesha misako ya wasio na kazi Dar katika miaka ya 1970, na mwaka 1983 ikapitishwa sheria ya Nguvu Kazi, wakati Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, huyo huyo ambaye chuo chetu cha kilimo kimepewa jina lake. Nia ilikuwa watu wakalime, na hali ya chakula na uchumi ilikuwa mbaya kweli, siwezi kusema walikurupuka tu. Lakini kwa machinga au dada muuza maandazi asiye na kitambulisho cha kazi, ilikuwa ni lori na safari ya kijijini. Wengi walirudi mjini muda si mrefu. Wazazi wetu walikuwa vijana wakati huo. Mama akikwambia "ukifika Dar usizubae-zubae", anarudia fundisho alilolipata kwa gharama.

Waliwezaje?

Pamoja na yote hayo, watu walikwenda. Dar ilikuwa na wakazi takriban 129,000 kwenye sensa ya 1957, na watu wa Uluguru walikuwa miongoni mwao kwa wingi, pamoja na Wazaramo wenye mji na Warufiji. Miaka hiyo afisa mmoja wa serikali ya kikoloni, J. A. K. Leslie, alifanya utafiti mkubwa wa maisha ya Waafrika wa Dar, kitabu kikatoka mwaka 1963. Moja ya mambo yanayojitokeza ni kwamba mgeni hafiki mjini hewani hewani. Anafika kwa ndugu. Anakaa kwake mpaka aujue mji.

Kwa Mluguru, ndugu huyo mara nyingi ana jina maalumu: mjomba. Na mjomba wa Kiluguru si yule anko wa kukutumia vocha ya sikukuu. Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo kaka wa mama ndiye mkubwa wako hasa, anakudai na unamdai. Ukigonga mlango wake Ilala au Magomeni na mkungu wako wa ndizi kichwani, hujaja kuomba hisani. Umefika kwenu.

Nyumba yenyewe ilisaidia. Unaijua nyumba ya Kiswahili: baraza mbele, korido katikati, vyumba kama sita vinatazamana, ua nyuma wenye jiko na choo. Chumba kimoja Mluguru, cha pili Mrufiji, cha tatu Mnyamwezi, mwenye nyumba Mzaramo. Mgeni akikaa barazani jioni tatu tu, mtaa mzima unajua huyu ni wa nani, na yeye ameshajua nani akopwe na nani asiaminiwe. Hakuna programu ya simu iliyofikia kiwango hicho.

Na kulikuwa na utani. Waluguru ni watani wa Wazaramo, Wazigua na wengine wa njia ile ya pwani. Siku hizi tunaudhani ni kutukanana kwa kucheka tu, lakini ulikuwa mkataba mzito. Mwaka 1963 mtafiti James Christensen alichapisha makala kuhusu utani wa Waluguru, akaeleza kwamba nyuma ya matusi yale kuna wajibu, hasa kwenye msiba, ambapo mtani ana kazi zake ambazo mwingine hazifanyi. Hebu jiulize maana yake kwa mtu aliye peke yake mji mkubwa. Hofu ya mwisho kabisa ya mgeni ni kufa asijulikane, azikwe kama mbwa. Utani ulimpa uhakika kwamba hata kama hana ndugu mtaani, yupo mtu anayewajibika kumzika, tena huku akimsema vibaya kwamba amekufa na deni.

Jambo la mwisho hapa ni shamba. Ardhi ya mlimani ilikuwa ya ukoo, na kwa kuwa ukoo unafuata mama, hata binti aliyekwenda Dar peke yake, akasemwa na kila aliyemwona, alikuwa na pa kurudi kulima bila kuomba ruhusa ya mume. Nadhani hili halisemwi vya kutosha. Ujasiri mwingi wa watu wa zamani ulitokana na kujua kwamba mji ukiwashinda, mlima haujafunga mlango.

Ingawa mlima nao ulikuwa na vituko vyake. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianza mpango wa kulazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ngumu, udongo wa chini usio na rutuba unakuja juu, mazao hayaonekani. Julai 1955 watu wakachachamaa Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukafa. Kwa hiyo kijana wa Uluguru wa miaka ile alikuwa kati ya jembe la kulazimishwa nyumbani na msako wa alfajiri mjini. Tukisema tu "alifuata taa za mjini", tunamkosea.

Sitaki kuondoka bila kuwataja watu wa muziki. Salum Abdallah, mtoto wa Moro, aliipenda rumba ya Cuba kiasi kwamba inasimuliwa akiwa kijana katikati ya miaka ya 1940 alitoroka nyumbani aende Cuba yenyewe. Si Dar, Cuba! Akaishia Mombasa, akarudi. Angeweza kujificha kwa aibu. Badala yake bendi yake ya Cuban Marimba, pamoja na wapinzani wao Morogoro Jazz waliompata Mbaraka Mwinshehe, ziliifanya Dar ikae kimya mbele ya redio kuisikiliza Moro.

Wewe wa sasa hivi

Juni 2024 SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Moro. Safari ya siku kumi za miguu sasa ni saa mbili au pungufu, unakaa kwenye kiti chenye soketi ya kuchajia. Hakuna wa kukudai stakabadhi ya kodi ya kichwa. Lakini upande wa pili wa safari umebadilika pia. Sensa ya 2022 iliikuta Dar na watu zaidi ya milioni 5.3. Mjomba yupo Chanika au Bunju, chumba kimoja, watoto watatu, na anaondoka saa kumi na moja alfajiri. Baraza zimegeuka fremu za maduka. Mpangaji wa chumba cha pili humjui jina. Mabasi yanakushusha Mbezi, bado una mwendo mrefu wa kufika Posta.

Ndiyo maana sikubali kauli ya wakubwa kwamba vijana wa leo mmelegea, mbona sisi tulikwenda. Mlikwenda mkapokelewa. Anayekwenda leo akalale gesti ya Sinza asiyoijua, akifuata mshale wa bluu kwenye simu ambayo akiitoa mfukoni inaweza kuondoka na bodaboda, anafanya jambo ambalo babu yake hakuwahi kulifanya. Babu hakuwahi kuwa peke yake kiasi hicho.

Kwa hiyo fanya walichofanya wao, kwa namna ya sasa. Usiondoke kabla hujapata jina la mtu mmoja aliyeko Dar anayejua unafika saa ngapi, hata kama ni rafiki wa dada yako mliyesalimiana mara mbili. Mpigie, usimtumie ujumbe tu. Sauti inajenga udugu. Mbebee kitu, ndizi za Kinole au karoti za Mgeta, maana kule vinanunuliwa kwa bei ya kuumiza na kwako ni vya kuokota. Ukikutana na Mzaramo mtanie, utashangaa kazi inavyokuwa rahisi. Na ukipotea uliza mama ntilie, usiulize kijana aliyesimama bila shughuli.

Mtu akikuita mshamba, mkumbushe maji anayoogea yanatoka wapi. Mitambo ya Ruvu Juu tangu 1959 na Ruvu Chini tangu 1976 inasukuma kwenda Dar maji ya mto ambao chanzo chake ni milima ya Uluguru. Ukame ukibana kule juu, Masaki na Manzese wanabeba ndoo sawasawa.

Halafu angalia ratiba ya treni ya kurudi kabla hata hujanunua tiketi ya kwenda. Enzi za Kisabengo hakuna mtu wa mlimani aliyeweza kushuka pwani asubuhi, akafanya shughuli yake, akarudi kulala kitandani kwake usiku huo huo. Usaili saa nne, saa saba umemaliza, unakwenda kuiona bahari Kivukoni, unakula mhogo wako, na jioni unashuka Moro mama hajaepua ugali.